Jinsi Karani Alivyojifunza Kukimbia

Wasomaji wengi watacheka wakiona kichwa cha habari hii. Mkenya kuandika juu ya kujifunza kukimbia ni kama mvuvi wa Lamu kuandika juu ya kujifunza kula samaki. Hata hivyo naomba nafasi niyaeleze yaliyonipata, maana naamini wako wengi walio kama mimi, waketio afisini mchana kutwa na kuogopa kusema kwamba ngazi za ghorofa ya pili zawatoa jasho.

Mimi ni karani wa serikali katika mji wa Nakuru, na kazi yangu ni masjala. Nina umri wa miaka 37. Afisi hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na katika muda huo wote safari yangu kubwa ilikuwa ni kutoka kitini hadi kwenye kabati la majalada, na kutoka kabatini hadi kwenye birika la chai. Saa nne huletwa mandazi. Kwa miaka kumi na mitatu niliyala mandazi hayo bila kukosa, na tumbo lilipoanza kutangulia mbele ya mkanda niliona kuwa ni heshima tu ya mtu mwenye kazi.

Wala sikuwa mkimbiaji tangu utotoni. Katika shule ya misheni nilikosomea masomo ya sekondari, wanafunzi walitolewa uwanjani kila Ijumaa jioni kwenda mbio za nyika. Mimi nilikuwa kiranja wa maktaba, na Ijumaa vitabu vilikuwa na desturi ya kuhitaji kupangwa upya. Mwalimu wa michezo alinistahi kwa kuwa nilipata alama nzuri katika mitihani. Nadhani alinikosea kwa kunistahi hivyo, na mimi nilijikosea zaidi.

Mwezi wa Februari mwaka 2025 nilialikwa pamoja na wazazi wengine kwenye siku ya michezo katika shule ya binti yangu. Mwisho wa sherehe yakatangazwa mashindano ya akina baba, mita mia moja. Nilivua koti, nikamkabidhi mke wangu, nikasimama mstarini nikitabasamu. Filimbi ilipolia nilitoka kwa kishindo. Nilipofika kama mita sitini, kifua kilifunga kama mlango wa afisi siku ya Jumapili. Nikasimama. Nikashika magoti. Wenzangu walikuwa wamekwisha kufika na wanapeana mikono. Binti yangu, mwenye umri wa miaka minane, alinijia mbio, akaniuliza mbele ya watu: “Baba, kwani wewe si Mkenya?”

Watu walicheka sana, nami nikacheka pamoja nao. Lakini usiku sikupata usingizi. Nilijihesabia sifa zote za nchi yetu katika mbio, nizijuazo kwa moyo kama mtoto ajuavyo jedwali la kuzidisha. Nyandika Maiyoro alikuwa wa saba katika mbio za mita 5,000 huko Melbourne mwaka 1956, ambapo Kenya ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza. Wilson Kiprugut alituletea medali yetu ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba, kwa mita 800 huko Tokyo mwaka 1964. Kipchoge Keino alishinda mita 1,500 huko Mexico mwaka 1968 kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Beatrice Chebet alikimbia kilomita tano barabarani huko Barcelona, siku ya mwisho ya mwaka 2024, kwa dakika 13 na sekunde 54. Haya yote niliyajua. Nilikuwa nikiyaeleza kwa majivuno kila nilipokutana na mgeni, kana kwamba mimi mwenyewe nilikuwapo mbioni. Kumbe sifa ya ndugu yako haiingii katika mapafu yako.

Majuma mawili baadaye nilikwenda hospitali kwa ajili ya kichwa kilichokuwa kikiniuma kila jioni. Muuguzi alinifunga mpira mkononi, akautazama mtambo, akaufunga tena, kisha akaita daktari. Shinikizo la damu lilikuwa 148 juu ya 96. Daktari aliniuliza kama katika jamaa zangu kuna aliyepata maradhi hayo. Nilimwambia kwamba baba yangu alianguka shambani mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 56, upande mmoja wa mwili ukafa, na baada ya miezi minne tukamzika. Daktari hakusema neno kwa muda. Halafu akaniambia kwamba nisipobadili maisha yangu ataniandikia dawa za kumeza kila siku, lakini kwanza yafaa nipunguze chumvi, nipunguze uzito, na niutembeze mwili wangu. Akanikumbusha kwamba Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kila juma. Nilipiga hesabu zangu palepale. Hazikufika kumi.

Nilipotoka nje niliona tangazo ukutani: mbio za hisani za kilomita tano, Jumamosi tarehe 24 Mei, za kuchangia madawati ya shule. Nikajiandikisha siku ile ile, kwa sababu najifahamu. Nisipotia sahihi, sifanyi.

Jumatatu tarehe 3 Machi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nilitoka nyumbani nikiwa na kaptura ya zamani na viatu vya raba vilivyokwisha visigino. Nilichagua barabara ipandayo Milimani kuelekea Menengai. Nikakimbia kwa nguvu zangu zote, maana sikujua namna nyingine ya kukimbia. Sikufika mbali. Kichomi kilinikamata ubavuni, macho yakaona nyota zisizokuwa za mbinguni, nikaketi kwenye ukingo wa mtaro huku nikihema kama mvukuto wa mhunzi. Hapo nikasikia hatua za mtu akija taratibu gizani.

“Pole, Bwana Karani. Wamekuibia?”

Alikuwa tarishi wa afisi yetu, mzee wa miaka 58, aliyebakiza miaka miwili astaafu. Sitamtaja kwa jina, kwa kuwa aliniomba hivyo. Kwa miaka mingi alikuwa akiniletea majalada na kuyachukua, na sikujua kwamba kila asubuhi yeye huja kazini kwa kukimbia, akiwa na nguo zake za kazi katika mfuko mgongoni. Wala sikujua kwamba katika ujana wake, miaka ya 1980, alikimbilia wilaya yake katika mbio za nyika.

“Hapana, Mzee,” nikamjibu. “Nafanya mazoezi.”

“Mazoezi ya kukimbia au ya kufa?”

Nilimweleza habari ya daktari, na ya kilomita tano. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaninyanyua kwa mkono. Akasema kwamba akipewa ruhusa atanifundisha, lakini kwa sharti moja: barabarani yeye ndiye atakayeamuru. Nikakubali. Tangu siku ile, afisini aliniita Bwana Karani na kupiga hodi kama zamani, lakini barabarani aliniita kijana.

Mafundisho yake yalikuwa mepesi kuyaeleza na magumu kuyatii. Dakika moja ya kukimbia, dakika mbili za kutembea. Hivyo mara nane, halafu nyumbani. Siku tatu tu katika juma: Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Siku za katikati ni za kupumzika au kutembea. Kila majuma mawili tuliongeza kidogo muda wa kukimbia na kupunguza ule wa kutembea. Hakutaka kusikia habari ya kasi. Kipimo chake kilikuwa mdomo. Tukiwa tunakimbia huniuliza: “Kijana, jalada la mishahara liko rafu gani?” Nikiweza kumjibu kwa sentensi nzima, mwendo ni sawa. Nikijibu kwa neno moja moja na kuvuta pumzi katikati, basi twaenda mbio mno, sharti tupunguze.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo lilipokuwa shida yangu kubwa, wala haikuwa miguu wala kifua. Ilikuwa aibu. Mwendo alioniwekea ulikuwa wa pole kiasi kwamba vijana wachuuzao maziwa walitupita wakiwa na mitungi. Jua lilipochomoza watu walinitambua. Mwendesha bodaboda mmoja alisimama akaniuliza, “Mzee, wakimbizwa na nani? Panda nikuokoe.” Siku nyingine nilimwona kwa mbali mkubwa wangu wa kazi akija na gari, nikajifanya nafunga kamba za viatu mpaka akapita. Mzee aliniona. Hakunikaripia. Aliniambia tu: “Kijana, wewe unaona haya kukimbia polepole. Hukuona haya kuketi miaka kumi na mitatu?”

Neno lile lilinichoma, lakini lilinitibu. Tangu siku hiyo sikufunga tena kamba zisizofunguka.

Tena si bure kwamba mwanzo uwe wa pole. Moyo nao ni msuli, na kama misuli yote hupata nguvu kwa kazi iongezwayo kidogo kidogo. Misuli ya miguu huzoea upesi, bali mifupa na kano huchelewa. Kwa hiyo mgeni wa mbio aweza kujiona mzima kifuani huku mguu wake haujawa tayari. Na Nakuru yetu iko juu, karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Ndiyo maana mabingwa hupenda kufanya mazoezi katika nyanda za juu. Lakini hewa ile ile impayo bingwa nguvu humnyang’anya mgeni pumzi asipokwenda kwa adabu.

Juma la pili Mzee alizitazama raba zangu, akatikisa kichwa. Tukaenda naye sokoni kwenye mitumba, jioni baada ya kazi, kwa sababu miguu hutanuka mchana na kiatu kikufaacho asubuhi chaweza kukubana jioni. Alinifundisha kukikunja kiatu: chema hukunjika penye vidole, si katikati. Akapima kwa kidole gumba nafasi iliyobaki mbele ya kidole kikubwa, akageuza soli aone kama haikuliwa upande mmoja. Nililipa shilingi 1,200. Nilipofika nyumbani mke wangu aliniuliza kwa upole viatu hivyo vipya na safari hizi za alfajiri ni kwa ajili ya nani. Nilimwalika aje aone. Jumatano alikuja mpaka kona ya kwanza, akaniona mimi na Mzee tukijikokota kama kobe wawili, akarudi nyumbani akicheka. Tangu hapo yeye mwenyewe ndiye aliyeniamsha, akapunguza chumvi katika mboga, na mandazi ya saa nne yakageuka kuwa ndizi mbivu.

Lakini mwanadamu hasikii mpaka aumie. Juma la tano niliweza kukimbia dakika nane bila kusimama, nikajiona bingwa. Jumapili, siku ya kupumzika, nilitoka peke yangu kwa siri, nikasema leo nitazikimbia kilomita tano zote nizimalize. Nilizimaliza kwa kuchechemea. Kesho yake miundi yote miwili iliniuma hata kushuka kitandani ikawa taabu. Nilimdanganya Mzee kwamba nina mafua. Siku ya tatu aliingia masjala na jalada mkononi, akaniona nikitembea kwenda kabatini.

“Mafua yameshuka miguuni, Bwana Karani?” akauliza.

Nikamwungamia yote. Alinikataza kukimbia kwa siku tisa, nikatembea tu tena kwa uangalifu. Akasema: “Ulipoingia shule uliandika herufi moja moja. Mbona sasa unataka kuandika kitabu kwa siku moja?” Siku zile tisa zilinifundisha kuliko siku zote nilizokimbia. Niliona kwamba nilikuwa nimekwisha kuipenda ile saa ya alfajiri. Nilimkumbuka sana baba yangu, ambaye hakuna aliyempima damu mpaka siku alipoanguka. Hakuwa mtu mvivu, alilima. Lakini hakuambiwa. Mimi nimeambiwa.

Tukaanza tena, tukirudi nyuma hatua moja kabla ya kusonga mbele. Ilikuwa majira ya mvua ya masika, na mara nyingi tulirudi na matope mpaka magotini. Mwishoni mwa Aprili nilikimbia dakika ishirini mfululizo, nikimweleza Mzee njia nzima habari za jalada lililopotea. Katikati ya Mei nilirudi hospitalini. Shinikizo lilikuwa 136 juu ya 86, na uzito ulikuwa umepungua kilo sita. Daktari alifurahi, lakini alinionya kwamba nisidhani nimepona. Nitaendelea kupimwa kila mwezi, na kama dawa zitahitajika nitazimeza bila ubishi. Nawaomba wasomaji waliokwisha kuandikiwa dawa wasiziache kwa sababu ya habari yangu hii. Mazoezi ni rafiki wa dawa, si adui yake.

Juma la mwisho Mzee alinipunguzia kazi. Tulikimbia mara mbili tu, dakika kumi na tano kila mara. Alinikataza kuvaa kitu chochote kipya siku ya mbio, na kula chakula nisichokizoea. Usiku wa kuamkia Jumamosi niliziweka nguo zangu kitini, nikabandika namba kifuani mwa fulana kwa pini nne, nikaibandua, nikaibandika upya. Binti yangu alisimama mlangoni akinitazama. “Baba, ukichoka utasimama?” Nikamwambia: “Nikichoka nitapunguza mwendo.”

Asubuhi nilikunywa uji kikombe kimoja, saa mbili kabla ya mbio. Uwanjani kulikuwa na watu mamia, vijana wembamba wakirukaruka, wanafunzi, akina mama, na wazee. Mzee alikuwa amevaa suruali fupi ya rangi ya samawati iliyopauka, nadhani ya miaka ile ya wilaya. Bunduki ya kuanzia ilipolia umati wote uliondoka kama mafuriko, na mimi nikavutwa. Mkono wake ukanishika kiwiko. “Waache waende, kijana. Utawakuta.”

Na kweli niliwakuta baadhi yao. Kilomita ya tatu ilikuwa mlima, na hapo waliotoka kwa kishindo walikuwa wameshika magoti, kama nilivyoshika mimi mwezi wa Februari. Sikuwacheka. Pumzi ilinipanda, miguu ikawa mizito, na nia ya kusimama ikanijia waziwazi kama mtu aniitaye kwa jina. Mzee akaniuliza, “Jalada la mishahara liko rafu gani?” Nikamjibu: “Rafu ya nne, Mzee, upande wa dirisha.” “Basi huna ugonjwa. Twende.”

Nilimaliza kwa dakika 41 na sekunde 20. Katika muda huo Beatrice Chebet angeweza kukaribia kumaliza safari ile mara tatu. Sikupata kikombe, na jina langu halikutangazwa. Binti yangu alinishika mkono penye kamba ya mwisho, akanitazama uso ulivyolowa, akasema, “Hukusimama.” Basi.

Huko Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia mbio ndefu za kilomita 42 chini ya saa mbili, walikuwapo wakimbiaji 41 waliopokezana kumwongoza mwendo na kumkinga upepo. Ikiwa mtu yule hakwenda peke yake, sembuse karani wa masjala? Mimi nilikuwa na mmoja, naye nilikaa naye miaka mingi katika jengo moja bila kumjua, kwa kuwa yeye hubeba majalada na mimi huyatia sahihi.

Jumatatu iliyofuata alipiga hodi mlangoni kama kawaida. Nilisimama, nikamwekea kiti. Alikikataa, akaniambia, “Keti wewe, Bwana Karani. Miguu yako ndiyo iliyochoka.” Lakini tangu siku ile akiingia husimama kumpokea, na makarani vijana wameanza kufanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo nawasihi makarani wenzangu, walimu, na wote wafanyao kazi ya kuketi: nendeni mkapimwe damu, kisha mtoke nje. Anzeni polepole kuliko mnavyodhani kuwa ni polepole. Tafuteni mtu ajuaye, hata akiwa chini yenu kwa cheo, mkamtii. Wala msiogope macho ya watu barabarani, maana wakupitao kwa kicheko hawatakuwapo siku ile utakapoanguka shambani.

Sasa makarani wawili wameungana nasi. Tunakimbia Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, na Mzee bado ndiye aamuruye.